Ngoja Behewa la Mwisho: Maisha ya Roswitha Uhlig na Reli Yake Ndogo

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda hadi Steinwiesa kwenye theluji hii kumsindikiza Roswitha: haya ndiyo maisha yake, na anayeyasoma ni dada yake mkubwa, Irmtraud, aliyeyaona yote tangu siku ya kwanza.

Marehemu Roswitha Uhlig alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 hapa hapa Steinwiesa, katika milima ya Erzgebirge, mtoto wa pili na wa mwisho wa mchimba madini Oswin Fritzsche na mkewe Liesbeth. Krismasi ya mwaka 1958 baba alileta sanduku lenye treni ya kuchezea: kichwa kimoja, mabehewa mawili na reli za duara. Irmtraud alitaka kuiona ikizunguka. Roswitha alitaka kujua kwa nini inazunguka. Bata bukini hajaiva jikoni, kichwa cha treni kilikuwa tayari vipande vipande juu ya kitambaa cha meza cha mama.

"Wee mtoto, umeniulia treni!" baba akapiga kelele.

"Sijaiua, baba. Nimeipanua mdomo tu niangalie koo."

Kabla ya chakula treni ilizunguka tena, kwa kasi kuliko mwanzo, na baba huyohuyo akatoka nje kuwaita majirani waje waone mtoto wake.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia Septemba 1956 hadi Julai 1966. Kuimba hakujua, kushona hakutaka hata kusikia, lakini kwenye hesabu na umeme hakuna aliyemfikia. Kisha akaenda Karl-Marx-Stadt, mji unaoitwa Chemnitz siku hizi, kujifunza ufundi wa umeme wa ishara za reli. Alikuwa msichana peke yake kati ya wavulana kumi na tisa, na mwaka 1969 alimaliza akiwa wa kwanza. Wa kwanza, si wa pili. Tangu hapo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2010 alitunza taa na ishara za reli za bonde letu, akipanda nguzo kwenye baridi ya kukata masikio, na wanaume waliomcheka mwanzoni ndio waliokuja kumuuliza waya upi unaenda wapi.

Tarehe 4 Mei 1974 alifunga ndoa na seremala Ehrenfried Uhlig, ambaye hapa hakuna anayemwita hivyo, ni Friedel. Mwaka uleule walianza kujenga reli yao katika chumba cha chini ya nyumba, reli yenye upana wa milimita kumi na mbili, ambayo kidole gumba kinaifunika. Kazi waligawana mapema. Juu ya ubao uliobeba reli ni Friedel: alipanga mataruma, zile mbao za kulalia reli, madogo kama njiti za kiberiti, akapinda reli, akamwaga kokoto laini kama sukari na kuzigandisha kwa gundi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Chini ya ubao ni Roswitha: kila kipande cha reli alikichomelea waya wake na kuupitisha tunduni. Sheria ilikuwa moja tu, nyekundu kwa reli ya upande wa dirisha, bluu kwa ya upande wa ukuta.

"Na usiniguse nyaya zangu, Friedel."

"Nani anazitaka? Mimi mbao hazinirushi kama umeme."

Kuanzia mwaka 1976, kila Jumapili ya kwanza ya Majilio, kijiji kizima kilishuka zile ngazi kutazama treni na kunywa supu ya dengu. Hawakukosa mwaka hata mmoja, isipokuwa miaka miwili ya korona.

Mwaka 1979 Friedel alitaka kumfurahisha mkewe kwa siri. Wakati ule treni ilifika kwenye mlima wa bandia mwisho wa ubao, reli ikaisha, na ikabidi irudi kinyumenyume. Yeye akaongeza kitanzi cha reli kuuzunguka mlima, ili treni igeuke na kurudi nyumbani ikitanguliza kichwa. Kilikuwa kizuri, hata mshono wa reli huuoni! Tarehe 2 Desemba watu sitini wamejipanga, Friedel akawasha umeme. Pa! Giza.

"Friedel, umefanya nini?"

"Zawadi," akasema Friedel gizani.

Roswitha aliingia chini ya ubao na gauni lake la kanisani, tochi mdomoni, akatokea upande wa pili na utando wa buibui kichwani. "Mume wangu! Reli ya dirisha umeizungusha mlima mzima, ukaja kuiunganisha na ya ukuta. Nyekundu imebusu bluu!" Watu walicheka mpaka supu ikamwagika. Hapohapo akachukua msumeno mdogo, akazikata reli zote mbili kwenye mlango wa kitanzi na kwenye njia ya kutokea, nyufa nyembamba kama ukucha, kisha akakipa kitanzi umeme wake na kuweka swichi. Treni yote ikishaingia kitanzini, unageuza swichi, umeme wa njia kuu unabadili upande, nayo inatoka salama. Ukigeuza mapema, magurudumu yaliyo juu ya ufa yanaunganisha tena nyekundu na bluu, na kila kitu kinazima. Friedel, kwa furaha yake, aligeuza mapema kila mwaka, na kila mwaka Roswitha alimfokea: "Ngoja behewa la mwisho!"

Mwezi Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Dawa zilimpa muda, lakini zilimnyang'anya vidole. Vilikufa ganzi, hata kifungo cha sweta hakukisikia. Mwezi Julai bomba likapasuka, maji yakauharibu upande wote wa mlima: kitanzi, nyaya, swichi. Irmtraud alimkuta dada yake amekaa kwenye ngazi, akitazama.

"Saratani sawa, nimeshaizoea," alisema. "Lakini nikiondoka hivi, reli inakufa na mimi. Huyu mzee hajui waya hata mmoja."

"Mfundishe basi, Rosi."

"Huyo? Anaogopa kubadilisha balbu!"

Lakini alimfundisha. Kuanzia Agosti alikaa kwenye kiti na blanketi magotini, mbele yake kioo cha kunyolea kimewekwa sakafuni ili aone chini ya ubao. Friedel, mwenye miaka sabini na sita, akalala chali kule chini na kifaa cha kulehemia mkononi. Nyumba nzima ilisikia.

"Pasha reli kwanza, si risasi ya kulehemia! Reli ikipata moto, risasi inakimbia yenyewe."

"Inanikimbilia kidevuni!"

"Kidevu utapata kingine. Nyekundu wapi?"

"Dirishani, bibi mkubwa."

"Na ndani ya kitanzi?"

Sauti ikatoka chini ya ubao: "Ndani ya kitanzi nakuuliza wewe." Roswitha akacheka hata akashika tumbo lake bovu.

Tarehe 3 Desemba 2023 chumba kilijaa mpaka ngazini. Treni ikaondoka, ikapanda, ikaanza kuingia kitanzini. Mkono wa Friedel ulikuwa juu ya swichi. Roswitha akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili asipige kelele. Behewa la tatu. La nne. La tano, lenye kitaa chekundu mkiani, likavuka ufa. Friedel akageuza. Treni ikatoka mlimani, kichwa mbele, taa zote zinawaka, ikaja nyumbani! Watu walipiga makofi kama wendawazimu.

"Nani kakufundisha?" Roswitha akamuuliza.

"Mke wangu. Ana kelele sana."

Baada ya hapo kitanda cha Roswitha kiliwekwa katika chumba kilicho moja kwa moja juu ya mlima ule wa reli, na Friedel alimwendeshea treni kila siku. Roswitha aliifuata kwa masikio kupitia sakafu. Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, dada yake akiwa kando yake, aliinua kidole kimoja, akasikiliza. "Limeingia," alisema. Chini swichi ikalia. Treni ilipofika kituoni na Friedel akapanda ngazi, mkewe alikuwa ameshatuacha.

Ameacha mume wake, Friedel. Binti yao Sibylle na mkwe wao Holm. Wajukuu wawili, Wenke na Arvid. Na dada yake Irmtraud, aliyetangulia kuzaliwa na hakutegemea kusoma haya.

Tukitoka makaburini, nyote mnakaribishwa nyumbani. Supu ya dengu ipo, na Friedel atawasha reli. Mkimwona anachelewa kugeuza swichi, msimharakishe.

Pumzika kwa amani, Rosi. Njia iko wazi.