Bi Thelma Prosser na Kengele Nyeupe za Kivulini

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, Bi Thelma Prosser anastaafu baada ya kuitumikia Bustani ya Hollinscote kwa miaka thelathini na saba. Mhariri wa jarida hili alitafuta mtu wa kuandika wasifu mchangamfu. Wachangamfu wote walikuwa na shughuli, ndipo kazi ikaniangukia mimi, Cedric Beavan wa bustani ya mboga. Mtanivumilia. Mimi nimezoea kulima vitu vinavyoliwa.

Bi Thelma aliajiriwa mwaka 1988, akitoka kuosha masufuria katika jiko la shule. Akapewa kipande kilichowashinda wote: ule ukanda ulio nyuma ya ukuta wa kaskazini, chini ya miti mikubwa, ambako jua halifiki. Wakuu wa bustani watatu walipanda nyasi pale, na nyasi zikafa mara tatu. Wa nne alishauri imwagwe changarawe. Mtu akipewa cheo hapa, wazo lake la kwanza huwa changarawe.

Mwaka 1991, kwenye msitu wetu, kati ya maelfu ya maua ya porini yaitwayo kengele za buluu, yanayotuletea wageni kila Aprili, Bi Thelma aliona shina moja la maua meupe. Mwingine angepiga picha aende zake. Yeye alirudi Julai, akachuma mbegu, akazisia kwenye trei na kuanza kungoja. Mmea huu huchukua miaka mitano, sita, kutoka mbegu hadi ua. Ukishachanua, huenda nusu yake ikawa ya buluu, nawe unaing'oa na kuanza upya. Alitumia karibu miaka ishirini kuujaza ukanda ule, kwa maua yanayokaa majuma matatu tu, kisha majani yake yanalala chini kama nguo zilizoanguka kambani, na hairuhusiwi kuyakata. Nilimwambia mara nyingi kwamba huo si ukulima, ni kifungo. Alinijibu kwamba kabichi zangu hazijawahi kumnyamazisha mtu.

Hapo alisema kweli, na inaniudhi. Watu walifika pale kivulini wakipiga kelele, wakaona ule weupe chini ya miti, wakanyamaza.

Walinyamaza, kisha wakavuka kamba ili wapigwe picha. Jani la kengele likikanyagwa limekwisha, na tunguu lililo chini linalala njaa mwaka mzima. Bi Thelma aliwahi kumuuliza bwana mmoja wa koti la njano, kwa adabu zote, kama angependa mtu asimame juu ya chakula chake cha mchana. Bwana yule aliandika barua ya malalamiko. Ofisi ikaitisha kikao cha saa mbili, na kikao kikaazimia kununua kamba nene zaidi.

Sasa nifike Aprili ya mwaka 2018, ambayo mhariri ameniomba niipite kwa ufupi. Siipiti kwa ufupi.

Bi Thelma alikuwa hospitali, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na mimi niliachiwa upande wake. Mwaka ule kila mtu alikuwa na wazimu wa kuwinda kengele za Kihispania, jamii ya kigeni inayofanana na yetu. Ni kweli zinaingia msituni, zinachanganyika na zetu, na mwisho zetu zinapotea. Lakini tulikuwa na kipeperushi, na mtu mwenye kipeperushi hahitaji tena macho. Kilisema tushuku shina lolote nene, lililosimama wima, au lenye rangi isiyo ya kawaida. Nikawakusanya watu sita wa kujitolea, wamevaa mabuti mapya, nikawapeleka nyuma ya ukuta. Nyeupe si rangi ya kawaida, niliwaambia. Kwa siku mbili tuling'oa ukanda mzima, tukayafunga matunguu kwenye mifuko myeusi, lori likaja likachukua. Picha yetu ilitoka kwenye jarida hili hili, ukurasa wa kwanza. Yule wa katikati, anayetabasamu kama mjinga, ni mimi.

Kengele ya Kihispania haina harufu ya maana. Yetu inanukia, iwe buluu au nyeupe. Ilitosha mtu mmoja kuinama, na katika watu saba hakuna aliyeinama.

Bi Thelma alirudi Juni akitembea kwa fimbo. Akasimama mbele ya udongo mtupu muda mrefu.

“Ulinusa hata moja, Cedric?”

“Hapana.”

“Haya,” akasema, akaenda kuchemsha chai.

Nilitamani angenitukana.

Nyuma ya tangi la zamani la maji yalikuwa yamebaki mashina kumi na moja ambayo hatukuyaona. Julai alichuma mbegu zake akaanza upya, akiwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Mwaka ulipofika akaomba aendelee, na ofisi ikaandika kwamba Bi Thelma hawezi kuachana na familia ya Hollinscote. Upuuzi mtupu. Bi Thelma ana familia yake. Ana dada, Bi Olwen, huko Tenby pwani, ambaye alikuwa ameshampakia chumba rangi.

Bi Olwen alipiga simu bandani, nikapokea mimi.

“Wewe ndiye yule wa kabichi? Sikiliza, bwana. Mimi sizidi kuwa kijana. Mdogo wangu alikuwa aje mwaka huu, sasa ananiambia anangoja maua. Nani aliyeyang'oa?”

Nilimwambia ni mimi. Kisha akaniagiza nihakikishe mdogo wake habebi vitu vizito.

Basi kwa miaka sita nilibeba trei, udongo na maji. Asitokee mtu wa kunisifu kwa hilo.

Mwaka jana zilichanua ishirini. Aprili hii zimechanua zaidi ya mia tatu, nyeupe tupu. Asubuhi moja Bi Thelma aliniita, nikapiga magoti nikanusa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na niliona haya.

“Kuanzia Juni ni pako,” akasema. “Ya buluu ikitokea, ing'oe kabla haijatoa mbegu.”

Nilimsihi ampe mwingine, mmoja wa hawa vijana wenye diploma.

“Wao hawajawahi kuziua,” akasema. “Wewe hutarudia.”

Juzi meneja alipita akasema pale pangefaa kibanda cha kahawa na mabenchi. Nimemweleza kwamba itabidi aanze kwa kuning'oa mimi.

Keki italiwa saa tisa alasiri kwenye chumba cha chai. Ofisi imemnunulia zawadi ya glavu za bustani, mwanamke ambaye hajavaa glavu tangu 1988.

Bi Thelma, asante kwa kivuli kile na kwa kila chai uliyonipikia bila kunisuta. Jana dada yako alinipigia kuuliza treni inafika saa ngapi, na kama mara hii ni kweli unakwenda. Nilimwambia ni kweli. Ana miaka themanini na miwili sasa, na ile sita niliyowanyang'anya siwezi kuirudisha. Tunakutakia maisha marefu huko Tenby, wewe na Bi Olwen, na sitakupa sababu yoyote ya kurudi.