Trevor Kellet na Wimbo Uliokatikia Njiani

Marehemu Trevor Kellet alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 hapa mjini Barrow, Uingereza, mtoto wa pili wa Stanley Kellet, mchomeleaji wa meli, na mkewe Edna. Dada yake Maureen, anayesoma wasifu huu hapa kaburini, anakumbuka alivyokuwa akipiga masufuria hata kabla hajatembea sawasawa. Mama alikuwa akisema, "Mwacheni, afadhali kelele kuliko kilio."

Alisoma hapa hapa hadi 1982. Shule hakuipenda, nayo haikumbembeleza, lakini ndiko alikowapata Adrian Mossop na Duncan Braithwaite. Mwaka 1985 walianzisha bendi ya roki, wakaiita Slagbank, jina la kile kilima cha taka za chuma nyuma ya kwetu. Adrian aliimba, Duncan alipiga gitaa, Trevor akakaa kwenye ngoma. Wapiga besi walikuja na kuondoka, maana Adrian na Duncan wakianza kubishana, hata malaika angeomba ashushwe garini.

Bendi ilikuwa na sheria moja tu: hakuna kuanza wimbo mpaka Trevor agonge vijiti mara nne, na akishagonga, hakuna kurudi nyuma. Walizunguka Uingereza kwa gari kuukuu la mkate, wakala chipsi zilizopoa, wakatoa albamu mbili. Wimbo wao mmoja uliingia chati kwa wiki moja, tena huko chini kabisa, na tunashuku ni kwa sababu mama alinunua nakala nyingi mno.

Tarehe 20 Novemba 1993 walipiga Manchester, moja kwa moja redioni. Njia nzima walikuwa wamebishana waanze na wimbo gani, na kila mmoja alishuka garini akidhani ameshinda. Kuulizana tena wakaona aibu. Trevor akagonga. Adrian akaanza wimbo mpya, Duncan akaanza wa zamani. Wakatazamana kwa hasira, wakaacha vyombo, wakatoka kila mtu na mlango wake. Trevor akaupiga ule wa zamani kwa ngoma tupu mpaka mwisho, watu wakisikiliza majumbani. Alipoulizwa, alijibu, "Nilishagonga. Ningeuachaje njiani?" Tulicheka sana, lakini bendi ilikufa siku hiyo, na Trevor alilia jikoni kwa mama. Wale wawili hawakusemeshana tena.

Baadaye alifanya kazi ya kufunga matairi hadi alipougua. Tarehe 1 Juni 1996 alimwoa Lorna Postlethwaite. Adrian alikuja kanisani, Duncan akaja kwenye sherehe. Walikwepana hata siku hiyo. Mungu aliwajalia binti, Bryony.

Oktoba iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Adrian alikuwa akimtembelea kila Jumanne, Duncan kila Ijumaa, wasije wakakutana. Kisha mwezi Januari, kwa makusudi, akawaita wote Ijumaa. Waliketi pande mbili za kitanda, chai ikapoa.

"Wimbo wangu wa Manchester haujaisha, mimi nilimaliza ngoma tu," Trevor aliwaambia. "Siku mnayonizika, mtaumalizia pale kaburini. Ule wa zamani."

Adrian akamgeukia Lorna. "Shemeji, mwambie huyo aniombe radhi kwanza."

"Mimi? Nikuombe radhi wewe?" Duncan akasema.

"Mimi siamui kesi," Trevor akasema. "Bryony atagonga. Mtakaa kimya mkiweza."

Alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 2025, Lorna akiwa amemshika mkono.

Mpaka ratiba hii ya mazishi inachapwa, Adrian hajasema ndiyo, na Duncan hajasema hapana. Ndiyo maana mnaona mstari mtupu chini ya wasifu, mahali pa wimbo. Familia inaogopa, na hatuoni haya kulisema.

Marehemu ameacha mjane, Lorna, binti, Bryony, dada, Maureen, na Adrian na Duncan, ambao hadi siku ya mwisho aliwaita "kaka zangu", kwa pamoja, kana kwamba ni jina la mtu mmoja.

Mungu amlaze ndugu yetu mahali pema, naye apate kupumzika. Ila tunamjua: hawezi kulala wimbo ukiwa njiani. Haya, Bryony mwanangu, gonga.