Makerubi Wenye Wanja

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili na meza ya bati mbele ya mkahawa wangu, ng'ambo ya magharibi ya mto Nili, hapa Luxor, Misri, pale mabasi ya watalii yanapokata kona kwenda makaburini. Mimi ndiye Hilmi, mchemsha kahawa, na nasema wazi: wanaokaa hapa wengi hawana kazi, ila majibu wanayo wote. Yupo Profesa, mlinzi mstaafu wa makaburi ya wafalme, hajamaliza kitabu hata kimoja lakini kakaa na zile kuta miaka thelathini na moja. Yupo Redio, mwenye gari la farasi, ambaye hazimiki. Jumatano hiyo, alasiri imeshaswaliwa, akaja ami Fanus seremala anasukuma mkokoteni wenye kitu kimefunikwa blanketi, uso umemshuka. Ami Fanus ni jirani yetu Mkristo, mtu mpole, miaka arobaini anawachongea watalii miungu ya kale. Akavuta blanketi.

— Mashallah! tukasema sote.

— Msiniambie mashallah. Niambieni pole.

Lilikuwa Sanduku la Agano, mfano wa lile la Nabii Musa, kalichonga kwa mti wa mkuyu. Dhahabu juu mpaka chini, pete nne, miti miwili ya kubebea, na juu ya kifuniko makerubi wawili wametazamana, mabawa yamekutana.

— Si ndiyo nadhiri yako hii? nikamuuliza.

— Ndiyo. Nilipopofuka kwa mtoto wa jicho nilimwambia Mungu, nikiona tena, kazi yangu ya kwanza ni yako. Nimeona. Ijumaa watoto wa kanisa wanalibeba kwenye sikukuu.

— Sasa unalia nini? akasema Redio.

— Tazama nyuso.

Tukainama. Loo! Macho marefu, wanja mpaka karibu na sikio, nywele zimekatwa sawasawa begani. Hawakuwa makerubi hao. Alikuwa Isisi, yule mungu mke wa kale ambaye Fanus anamchonga kila siku, tena wawili!

— Mkono ulijiendea wenyewe, akasema Fanus. Nilikuwa naomba huku nachonga, sikuona.

— Kwangua.

— Dhahabu imeshashika, Hilmi. Nikikwangua, pua zinaondoka. Na anayekuja kulichukua ni Tasoni Marsa.

Hapo hata Redio alipunguza sauti. Tasoni Marsa ndiye dada anayefundisha watoto kanisani kwao. Mwaka jana alirudisha picha ya Bikira Mariamu kwa sababu midomo ilikuwa myekundu mno. Mimi Mwislamu, akipita naficha sigara.

— Atasema nimemletea Mungu sanamu, akasema Fanus. Nadhiri itanirudia mlangoni. Mungu kanipa macho, mimi nampa nini?

Profesa akakohoa. Akikohoa, kaa vizuri, hamalizi leo.

— Tulia, Fanus. Wana wa Israeli wamekaa hapa miaka mia nne. Mafundi wao walijifunzia wapi? Hapa! Nimelinda ukuta wenye sanduku hilihili, makuhani wameweka miti begani, na wenye mabawa wanalilinda. Wewe umelirudisha kwao tu.

— Kwa hiyo waliiba? akauliza Redio.

— Nani kasema kuiba? Ukikaa kwa watu, unaondoka na mambo yao. Kutahiri je? Na nguruwe, makuhani wa kale si walimkimbia vilevile?

— Basi mimi naongeza, akasema Redio. Nabii Musa alilelewa ikulu. Na ikulu ilikuwa wapi? Hapa kwetu! Maandiko yanasema alikuwa mzito wa ulimi. Mzito wapi! Alikuwa anaongea lafudhi ya huku kusini, wale wa Kairo hawakumwelewa!

— Astaghfirullah, nikasema, lakini nilishacheka.

— Hata sisi wakienda vijana wetu Kairo wanachekwa! Tena yule mfalme aliyefunga mahekalu yote akaabudu jua peke yake, huyo alimfundisha Musa.

— Mjinga wewe! Musa ndiye aliyemfundisha mfalme!

— Ulikuwepo?

— Nililinda kaburi la mkwe wa mfalme huyo!

— Na mimi nakwambia Sanduku la kweli halikufika popote. Limezikwa chini ya zizi la farasi wangu. Ndiyo maana yule jike hataki kulala upande wa mashariki!

Fanus akapiga meza. Sijapata kumwona akipiga kitu kisicho msumari.

— Nyie mnagombania wafalme waliokufa! Mimi nagombania nadhiri yangu!

Hapo hapo pikapu ikasimama, akashuka Tasoni Marsa mwenyewe, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Hakusalimia mtu. Akalizunguka sanduku mara mbili. Akapitisha kidole juu ya bawa, akainama mpaka pua yake ikakaribia pua ya dhahabu.

— Fanus. Hawa wana wanja.

— Ndiyo, Tasoni.

— Dada yangu, akaanza Profesa, kihistoria...

— Wewe nyamaza kwanza. Nawauliza nyote, mnaopiga kelele mpaka barabarani. Nani kati yenu amewahi kumwona kerubi?

Profesa akatazama viatu vyake. Redio alifungua mdomo, akaufunga, na wallahi ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mimi nikajifanya natafuta kijiko.

— Hata mimi sijamwona, akasema Tasoni. Sasa nitamwambiaje mtu amekosea? Midomo ya Mariamu naijua, alikuwa mwanamke. Hawa siwajui. Haya, pakieni! Fanus, shika mti wa mbele. Nadhiri ni yako, usimwachie mwenzio.

Fanus akabaki amesimama, mikono inamning'inia. Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtiririka kwenye yale macho yake mapya. Profesa akashika nyuma, Redio akashika ubavuni, kimya bado.

— Limepokelewa, Hilmi! Umesikia? Limepokelewa!

— Nimesikia, ami. Tazama unapokanyaga.