Bwana Matheka na Mchoro wa Bomba la Maringo

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 1984, Bwana Naftaly Matheka anaondoka ofisini kwetu, ofisi ya mawakili, baada ya miaka ishirini na minane akiwa karani wa kesi za jinai. Tangazo la ukutani linasema macho yake yamechoka. Mimi, mpiga taipu aliyekuwa akifundishwa naye kazi hiyo, naomba kuongeza kidogo.

Alianza kwa kubeba mafaili. Mawakili watatu walijifunzia utetezi mezani pake, na wawili siku hizi hawamsalimii. Tai yake ya kahawia imevaliwa na washtakiwa wengi, mpaka hakimu mmoja akauliza kama wote ni wa ukoo mmoja.

Kila mwanafunzi wake alianza na miguu: nenda ukasimame pale shahidi aliposimama. Mwaka jana Mzee alinituma mtaa wa Maringo nikachore mahali hapo kwa kesi ya Nzomo, mchonga vinyago aliyeshtakiwa kuiba redio. Jirani alidai kwamba akiwa bombani akichota maji alimwona akitoka kwa mlango wa mwenye redio. Mtoto wangu alikuwa na surua, na sikuwa nimelala siku tatu. Nilikulia Maringo, nikajiambia naijua. Nikachora nikiwa nimeketi kitandani: bomba hapa, mlango pale, katikati hakuna kitu. Wakili akauamini mchoro, hakumuuliza shahidi hata swali moja juu ya bomba. Nzomo akafungwa miaka mitatu.

Wiki iliyofuata Mzee alinipeleka huko. Kutoka bombani tuliona ukuta wa bafu jipya, basi. Hakunigombeza. Alimtwika mama mmoja ndoo yake, kisha akaniuliza, "Mama Koki, mtoto amepona?"

Wakili alipotaka kujua mchoro ni wa nani, nilifungua mdomo. Mzee akanitangulia: "Ni wangu. Macho yangu siku hizi."

Hayo ndiyo macho ya kwenye tangazo. Mpaka leo anasoma hati ya mashtaka bila miwani.

Mchoro ni wangu. Nimeapa hivyo kwa maandishi, na kiapo kiko kwenye rufaa ya Nzomo itakayosikizwa tarehe 16 Julai. Programu hii ya kumuaga pia nimeipiga taipu mwenyewe, kwa hivyo wenye ofisi watanisoma wakiwa wamekaa.

Asante, Mzee. Ufike Machakos salama, ulale mpaka jua lichomoze, wajukuu wakusumbue vizuri. Tai yako nimeipiga pasi, iko kwenye droo yangu. Nzomo ataivaa siku ya kutoka.