Safari Kumi na Tisa za Kutafuta Koili

Benchi lenyewe ni gogo la mwerezi lililopasuliwa katikati, limewekwa nje ya iliyokuwa karakana ya misumeno ya injini pale Alder Fork, chini ya paa la bati linalovuja upande mmoja. Wanaolikalia ni wazee waliomaliza ujana wao wakiangusha miti ya milima ile, na sasa milima imebaki na vichipukizi na wao wamebaki na masikio yasiyosikia vizuri. Redio ndiye mleta kahawa. Jina lake Delbert Pruitt, aliendesha lori la magogo miaka thelathini na hajanyamaza tangu ashuke. Gus Nyland wanamwita Vidole Saba, na kila mtu anajua vitatu vilibaki kiwandani. Wa tatu ni Reino Hakala, mwenye karakana, ambaye bado anaitwa Fundi ingawa mlango wake una kufuli. Wa nne alikuwa Milt Sather. Milt alifariki Alhamisi iliyopita. Asubuhi hiyo ilikuwa Jumatano, manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu Jumapili, na mjadala ulikuwa mmoja tu.

— Jamani, Jumamosi ya mazishi inabisha hodi, — alisema Redio akimimina kahawa. — Marehemu kaandika kwa mkono wake. Mnakumbuka alivyoandika?

— Nani asiyekumbuka? Umetusomea mara sita.

— Ya saba basi. “Washeni msumeno wangu wa njano pale kaburini. Uungurume mpaka mafuta yakauke. Mkishindwa, imbeni, ingawa sauti zenu nazijua.” Mwisho wa kunukuu.

Vidole Saba alitikisa kichwa.

— Msumeno wa mwaka sitini na nne. Hauna koili. Bila koili hakuna cheche, bila cheche ule ni mzigo wa chuma tu. Utaungurumaje?

— Ndiyo tunatafuta koili! Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Koili haipo, na lake halipo. Inaingia kama funguo kwenye kitasa, bwana wee.

Reino alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Alikuwa na umri wa miaka themanini na tatu, na kati ya hiyo, thelathini na miwili alikuwa amebeba jambo moja ambalo hakumwambia hata mkewe, na mkewe sasa alikuwa amelala kwenye kilima kilekile walikokuwa wakienda kumlaza Milt.

— Mimi najua zilipo, — alisema Redio. — Mwaka sitini na sita treni ilianguka daraja la ziwani. Behewa zima la misumeno ya njano liko chini ya maji. Mipya! Kwenye maboksi!

— Chini ya maji miaka arobaini na saba?

— Imepakwa grisi.

— Na nani atazamia? Wewe? Kiatu tu huwezi kufunga kamba.

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Basi vua sisi tuangalie, maana leo hatujacheka.

Hawakucheka, hata hivyo. Vidole Saba aliangalia mvua, kisha akatoa la kwake, taratibu, kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Ziwani hakuna kitu. Koili zote za aina ile zilinunuliwa zikayeyushwa. Ile shaba yake ilikuwa ya namna ya peke yake. Waliipeleka kwenye vile vyombo vya kwenda mwezini.

— Acha!

— Fanya hesabu. Watu wameenda mwezini mwaka gani? Na koili zilianza kuadimika mwaka gani? Milt alizunguka majimbo manne, hakuambulia kitu. Mtu anatafuta miaka yote hiyo akose, unafikiri ni bure?

— Si mwezini. Kunguru.

— Kunguru?

— Kunguru wanapenda kitu kinachong'aa. Panda ule mnara wa walinzi wa moto, angalia viota. Shaba tupu! Fundi, si kweli? Wewe ulizunguka naye. Mlienda safari ngapi?

— Kumi na tisa, — alisema Reino.

— Umesikia? Kumi na tisa! Na wewe unafahamu koili kuliko mtu yeyote mji huu. Sema, ziko wapi?

Reino aliweka kikombe chini kwenye simenti. Kwa miaka yote alikuwa akijiambia kwamba siku moja atamwambia Milt, wakiwa njiani, barabara ikiwa imenyooka na wote wawili wanatazama mbele. Zilikuwapo barabara nyingi zilizonyooka. Milt angekuwa anamenya yai, au anaimba vibaya, au anasimulia jinsi mwajiri fulani alivyotumbukia mtoni na kofia yake ikatangulia, na Reino angejiambia, hapa tumefurahi, tusubiri kurudi. Wakati wa kurudi Milt alikuwa analala.

Kabla hajajibu, gari dogo la buluu liliegeshwa. Alishuka Mchungaji Lorna, mwanamke mrefu aliyehamia Alder Fork mwezi wa nane akitokea mjini, na mpaka siku hiyo alikuwa hajui kutofautisha msumeno na mashine ya kukatia nyasi. Alifungua buti.

— Habari za asubuhi, wazee. Naomba nguvu kidogo. Hiki kitu kimenishinda.

Waliutoa humo wakisaidiana, umefungwa kwenye blanketi la viraka: msumeno wa njano wa Milt, mrefu kama mtoto wa miaka kumi, mzito kuliko mtoto huyo. Wakaulaza kwenye benchi.

— Mjane wake, Ardis, amewapa salamu, — alisema Mchungaji. — Kasema hivi: Milt aliagiza ufunguliwe na Reino, si mtu mwingine. Alirudia hospitalini mara mbili. Reino ni yupi?

— Ni mimi, Mchungaji.

— Pole sana, mzee wangu. Nasikia mlikuwa kama ndugu.

Neno hilo ndilo lililomvunja. Reino alisimama, akavua kofia ingawa maji yalikuwa yanadondoka pale paa lilipotoboka, yakampiga kichwani.

— Redio, nyamaza kidogo. Gus, na wewe sikia. Milt alikuwa na koili nzuri. Mimi ndiye niliyeichukua.

Redio aliacha kumimina kahawa.

— Tulinunua misumeno miwili siku moja, ya kwake na ya kwangu, mapacha. Mwaka themanini na moja, majira ya baridi, Milt alivunjika mguu, waya wa kuvutia magogo ulimchapa. Msumeno wake ukabaki karakanani kwangu. Juma lilelile koili yangu ikaungua, na nilikuwa na kazi ya mti mmoja baada ya mwingine, na watu wananisubiri. Nikasema naazima wiki moja. Nikaitoa ya kwake nikatia kwangu, na ile yangu iliyoungua nikaipachika kwake ili pasiwe tupu. Wiki ikawa mwezi. Kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuzitengeneza. Milt akapona, akaja, akavuta kamba. Hakuna kitu. Akaniuliza, “Fundi, una nini huu?” Nikamwambia, “Koili imekufa, ndugu yangu.”

Vidole Saba ndiye aliyezungumza kwanza, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

— Na ukapanda naye gari. Ukaenda naye mpaka majimbo ya watu kutafuta kitu ambacho kiko kwenye karakana yako.

— Nilienda.

— Mara kumi na tisa.

— Mara kumi na tisa, Gus.

— Uongo ule ulimfanya Milt awe kichekesho cha mji. Watu walikuwa wanamwita Bwana Koili. Mimi mwenyewe nilimwita. Mungu anisamehe, na wewe akusamehe ikifika zamu yako, kwa sababu mimi leo sitaweza.

Reino alikubali kwa kichwa. Alikwenda kwenye pikapu yake taratibu, akarudi na msumeno wa pili, wa kwake, na mkoba wa spana. Aliuweka chini, kwenye simenti, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

— Natoa humu naweka kwake. Jumamosi utaunguruma. La kwangu ni hilo tu ninaloweza.

Hakuna aliyemzuia. Alianza na ule wa Milt ili kuondoa ile iliyoungua. Skrubu nne, kifuniko cha kamba kikatoka. Koili ya misumeno ile imejificha nyuma ya gurudumu la sumaku, huioni mpaka gurudumu livutwe, na gurudumu likishakaa miaka halitoki kwa kuombwa. Reino aliligonga pembeni kwa nyundo ya mbao, akalivuta, akaligonga tena. Lililegea haraka kuliko alivyotarajia.

Akabaki amelishika mkononi.

— Vipi? — aliuliza Redio.

Koili iliyokuwa mle ndani haikuwa imeungua. Ilikuwa na rangi ya shaba safi, nyaya zimelala kama zimetoka kusukwa. Reino aliigusa kwa kidole kimoja. Kisha akageuza kile kifuniko, kwa sababu Milt alikuwa na tabia ya kuchora kwa ncha ya kisu, upande wa ndani, tarehe ya kila alichokitengeneza. Zilikuwapo tarehe nyingi za zamani, zimejaa vumbi la mbao. Ya mwisho ilikuwa peke yake chini kabisa.

— Nisomee, Gus. Miwani yangu imeingia maji.

Vidole Saba aliinama.

— “Koili. Kutoka kwa mjane Lempi. Juni tisini na mbili.”

Reino aliketi. Banda la mjane Lempi alilikumbuka vizuri mno. Ng'ambo ya mto mkubwa, nyasi kavu hadi magotini. Yeye alibaki nje akizungumza na mjane kwa Kifini kibovu alichorithi kwa mama yake, Milt akaingia bandani peke yake na kukaa humo muda mrefu. Alitoka na utando wa buibui kwenye nyusi, mikono mifukoni, akasema, “Hakuna kitu, Fundi. Tujaribu kwingine.” Mjane akawapa pai ya matunda meusi, wakaila wamesimama.

Na ili Milt aweke hii, ilibidi aitoe ile nyingine. Ile iliyoungua, ambayo Reino alikuwa ameichora herufi zake mbili kwa msumari, R na H, kama alivyochora vitu vyake vyote. Milt aliishika mkononi. Aliisoma.

— Ilikuwa safari ya ngapi, ya huyo mjane? — aliuliza Vidole Saba kwa upole.

— Ya pili.

Walifanya kazi pamoja baada ya hapo. Vidole Saba alishika gurudumu likarudishwa mahali pake. Redio alifuata petroli na oili ya kuchanganya, akapima mwenyewe. Reino alifungua kabureta, akaisafisha kwa pumzi na kitambaa, akapangusa plagi. Mchungaji alishika mwavuli juu yao, mkono ulipochoka akabadilisha mkono. Kisha Reino aliuteremsha msumeno chini, akaukanyaga kwa kiatu, akavuta kamba. Mara ya kwanza kimya. Ya pili, ya tatu, kimya. Ya nne ukakohoa. Ya tano ukashika.

Sauti ile haisemeki kwa asiyeijua. Dirisha la karakana lilitetema, moshi wa buluu ukajaa chini ya bati, na mtaa wa pili mlango ukafunguliwa na mwanamke akatoka na kijiko mkononi kuangalia. Redio alikuwa analia waziwazi, na kwa sababu hakuna aliyeweza kumsikia, alikuwa anaongea pia. Reino aliuacha uungurume kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara kumi, akauzima. Mafuta yalikuwa ya Jumamosi.

Mchungaji Lorna alikunja mwavuli. Alikuwa mgeni, na mgeni huuliza.

— Samahani, wazee, mimi sijui mambo ya misumeno. Naomba nielewe tu. Kama Milt aliipata koili safari ya pili, na wewe, mzee Reino, siku zote ulikuwa unajua ilipo ile nyingine, basi zile safari kumi na saba mlikuwa mnakwenda kutafuta nini?

Vidole Saba aliinua chupa ya kahawa, akaitikisa, ikawa tupu, akaiweka chini.

Reino alikuwa anafuta mafuta kwenye kifuniko, palepale penye maandishi, taratibu, asije akayafuta.

— Ya mwisho ilikuwa mwaka juzi, — alisema, na haikuwa wazi anamwambia nani. — Macho yake yalikuwa yameshakwisha, hata mkono wake mwenyewe haoni. Nikamwambia, Milt, tuache sasa, utatafutaje na huoni? Akavaa koti. Akashika ukuta mpaka kwenye gari, akapapasa mlango, akaingia, akafunga mkanda. Akaniambia, “Washa, Fundi. Wewe utaniambia tunapita wapi.”