Aliyetufundisha Kugeuza Chupa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kututengenezea sabuni ya uso, mkuu wa chumba cha kuchanganyia anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wasifu huu ulipaswa kutoka katika toleo lililopita la jarida letu, pamoja na picha yake akitabasamu katikati yetu. Umechelewa, na picha hamtaiona. Sababu tutaieleza, ingawa tunaieleza vichwa vikiwa chini.

Alianzia kwenye kuosha mapipa. Akapanda hadi kwenye mizani, kisha akakabidhiwa chumba kizima wakati ambapo kiwanda kilikuwa na mashine moja tu, nayo ilikohoa kuliko ilivyochanganya. Sisi tuliokuja baadaye tulimkuta tayari anaitwa Mama Geuza. Ukimletea chupa yoyote, iwe yetu au ya washindani wetu, neno lake la kwanza lilikuwa geuza. Upande wa mbele, alisema, ni wa kuposa; wa nyuma ndio wa kuishi nao.

Kila mfanyakazi mpya, hata dereva, alipita mikononi mwake. Alitufundisha kwamba viambato huandikwa kwa kufuata wingi wake, ndiyo maana maji huwa mbele karibu kila mara. Hufuata vile vinavyotoa povu na kuondoa mafuta na uchafu, kisha glisirini inayozuia ngozi isikauke, na huko mkiani vihifadhi na manukato. Mhasibu wetu aliwahi kubisha kwamba povu jingi ndio usafi wenyewe. Mama Geuza alimwosha shavu moja kwa sabuni ya povu la kufurika, la pili kwa sabuni ya povu haba, akamwacha aende kula. Aliporudi, shavu la kwanza lilikuwa limekaza kama ngozi ya ngoma. Tangu siku hiyo mhasibu habishani na chumba cha kuchanganyia, isipokuwa kuhusu marupurupu.

Mkia nao tusiudharau, alituonya, maana nge huumiza kwa mkia. Alijua alichokisema: ngozi yake mwenyewe haipatani kabisa na manukato, na kiwanda kizima kilijua hivyo.

Utaratibu tunaojivunia kuliko yote ni wake. Mzigo hauendi kufungashwa mpaka mmoja wa wachanganyaji anawe uso kwa sabuni hiyo kwenye bomba la mlangoni, mbele ya wenzake. Yenye manukato alinawa msaidizi wake, nyingine alinawa yeye. Na kabla hajagusa maji, humuuliza aliyeileta chupa kama ameisoma.

Ijumaa ya kumuaga, kamati ya sherehe, ambayo mwandishi huyu ni katibu wake, ilimnunulia sabuni ya uso ya bei mbaya, chupa ina utepe, na mbele imeandikwa kwamba ni laini kwa ngozi zote. Tukamsihi anawe kwa mara ya mwisho kwenye bomba lake. Miwani alikuwa ameiacha kwenye mkoba. Akaishika chupa, akatutazama.

"Mmesoma?"

"Tumesoma," tukajibu kwa pamoja, huku tukipiga makofi.

Hakuna aliyekuwa amesoma. Kila mmoja alidhani mwenzake amesoma. Kinyozi hajinyoi, na sisi tunaotengeneza sabuni tulinunua utepe. Manukato yalikuwa yametajwa pale nyuma, wazi kabisa, kwa herufi ambazo hata mlinzi aliziona kutoka mlangoni tulipoigeuza hatimaye. Keki haijakatwa, kope zake zilikuwa zimevimba. Na kesho yake alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho.

Daktari alimpa dawa, na harusini alikwenda. Alikaa kwenye kiti cha mama mzazi, jicho moja limefumba, akipokea pongezi. Sisi tulioalikwa tulikaa meza ya nyuma kabisa.

Jumatatu mwenyekiti wa kamati alimpigia simu kumwomba radhi, nasi tumeizunguka simu hiyo. Mama Geuza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uso wangu utapona, mwanangu," alisema. "Lakini ule mzigo mliofunga nikiwa likizo, mliniambia pia mmeusoma. Kweli mliusoma?"

Tulishuka stoo. Ilikuwa sabuni yetu ya ngozi nyepesi kudhurika, ambayo idara ya mauzo iliomba tuiongezee manukato kidogo. Msaidizi alinawa, uso wake ukabaki salama, mzigo ukapita. Lebo ya nyuma ilikuwa bado ile ya zamani, haitaji manukato popote. Lori lilikuwa lije kuuchukua asubuhi inayofuata.

Mzigo haukutoka. Wiki nzima tumekuwa tukibandua lebo kwa mikono na kubandika mpya zinazotaja manukato, meneja akiwa miongoni mwetu, na kucha zake zimekwisha.

Mama Geuza, wako watu wenye ngozi kama yako ambao kesho watanawa na nyuso zao zitabaki kama zilivyo. Hawakujui, wala hawatajua walichoepushwa. Kwa niaba yao tunakushukuru. Radhi tunaiomba kwa niaba yetu wenyewe. Pumzika, upone, na siku zako zote zilizo mbele ziwe za heri.