Dume wa Kibati na Faili la Mama Annonciata

Tarehe 31 Machi 2026, Mama Annonciata Umugwaneza anatimiza miaka thelathini na minne katika chumba cha wadudu cha kituo chetu cha utafiti hapa Himbi, na siku hiyo hiyo anastaafu.

Alikuja mwaka 1992, akiwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Rutshuru. Wadudu aliwaogopa, aliajiriwa kwa ajili ya mwandiko wake. Kila mdudu wetu hubeba kikaratasi chenye mahali na tarehe aliyopatikana, na yeye aliweza kuandika mistari minne pale ambapo sisi wengine tungebana jina tu. Polepole akaanza kuwatazama wenye vikaratasi. Baada ya miaka kumi, wenye shahada ndio waliompelekea visanduku vyao awasahihishe.

Ni yeye aliyemgundua nondo wa Kibati. Mabawa ya nondo huyo yakitandazwa hayafiki milimita tano, na kiwavi wake huishi ndani ya jani, akila na kuacha njia nyeupe. Mwaka 2018 Mama Annonciata aliyachuma majani hayo kwenye vichaka vya Kibati, kaskazini mwa mji, akayatia katika vichupa vya penisilini alivyoomba zahanati, akafunika kwa kitambaa, akangoja. Walitoka majike sita na dume mmoja tu. Bila dume, spishi mpya haielezwi vizuri, kwa kuwa nondo wadogo namna hii hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, chini ya hadubini. Masista waliotutembelea waliuliza kwa nini anachungulia huko. Mama Annonciata, ambaye ni mwimbaji wa kwaya kanisani, akajibu bila haya: "Pale njo Mungu aliweka signature yake." Masista walicheka kutushinda.

Mwaka 2021 volkano ililipuka na lava ikafunika vichaka vile. Tukabaki na dume yule mmoja.

Hapa sina budi kusema jambo nililolificha miaka mitatu. Chumbani mwetu, visanduku vikiwa wazi, dirisha halifunguliwi, maana upepo wa ziwa huingia bila hodi. Mama Annonciata hata hujifunga kitenge mdomoni ili pumzi yake isiwapeperushe. Mwezi Februari 2023 alikuwa amemtoa dume kwenye pini ili amchunguze. Harufu ya naftalini ilinishinda, nikafungua dirisha. Siku tatu tulifagia sakafu kwa brashi ya rangi, na hatukumpata.

Nilikuwa na mwezi mmoja kazini, bado katika kipindi cha majaribio. Nilipotaka kwenda kwa mkurugenzi, Mama Annonciata alinizuia mlangoni: "Samy, nyamaza. Weye uko mu essai, batakufukuza. Miye bananizoea." Akaandika daftarini kwamba dume amepotea kwa uzembe wake yeye. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza tangu aanze kazi. Kwa kanuni zetu, mwenye onyo katika faili lake hapewi cheti cha heshima akistaafu. Alilijua hilo. Mimi pia nililijua, nikanyamaza, na leo naona aibu.

Hakununa. Barabara ya kaskazini ilipofungwa kwa vita, alisubiri. Ilipofunguliwa, alirudi Kibati kukagua majani. Mkulima mmoja, Papa Hitimana, alimwonyesha kichaka kilichosalimika nyuma ya choo chake. Baada ya safari nyingi, Novemba iliyopita madume watatu walitoka vichupani. Maelezo ya spishi yamekubaliwa kuchapishwa, yakiwa na jina la Kibati kama alivyotaka, naye ndiye wa kwanza kwenye orodha ya waandishi. Subira huvuta heri, ingawa ya kwake ilimchosha magoti.

Mama Annonciata, umetufundisha kutazama kitu kidogo kwa heshima. Asante sana. Tunakuombea afya, miaka mingi nyumbani, na wajukuu watakaokuachia miwani yako.

Nawe Papa Mkurugenzi, uliyeketi mbele ukisoma karatasi hii: kabla ya chakula hiki cha kumuaga, naomba barua ile ya onyo itolewe kwenye faili lake, iwekwe kwenye langu. Aliyefungua dirisha ni mimi.

Samy Kakule, chumba cha wadudu